Mkuu kaniambia nichague watoto 25 "wanaobeba shule", waliobaki niachane nao. Nifanyeje?

BARUA

Shikamoo mama,

Mimi ni mwalimu wa hesabu, nina miaka 29, huu ni mwaka wa 4 toka niajiriwe. Shule yangu ni ya kata, iko mkoa wa Lindi ndani ndani huko, jina lake siliweki hapa. Naandika saa 6 usiku maana usingizi wenyewe siku hizi hauji.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka mwezi wa kwanza tulikuwa na watahiniwa 74. Hesabu C moja, D nane, waliobaki wote 65 F. Kwenye kikao cha tathmini wilayani shule zikapangwa kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, sisi tukawa wa tatu kutoka mkiani, mkuu wangu akasimamishwa mbele za watu ajieleze. Aliporudi akanipa barua, ndani ya siku 7 nieleze kwa maandishi kwanini somo langu linaishusha shule. Nikaandika. Unajua niliandika nini mama? Wanafunzi hawana msingi, ni watoro, wazazi hawana mwamko, yaani ukurasa mmoja na nusu nimewajaza wao tu, mimi mwenyewe simo hata mstari mmoja. Nikasaini nikapeleka. Toka siku hiyo ndo nina hili swali, ni wao kweli au ni mimi?

Ngoja nikueleze mazingira. Mwalimu wa hesabu niko peke yangu kidato cha kwanza mpaka cha nne, vipindi 36 kwa wiki. Kidato cha tatu wako 98 kwenye chumba kimoja na vitabu 9. Wanatoka vijiji vitano, wapo wanaotembea kilomita 9 kuja na 9 kurudi, wengine wamepanga mageto hapa kijijini, mtoto wa miaka 15 anaishi mwenyewe anajipikia mwenyewe. Chakula cha mchana kilikuwepo kikafa maana wazazi wanaochanga ni wachache. Kipindi changu kimoja na hao kidato cha tatu kiko saa 7 mchana, watoto wanalala juu ya meza, zamani nilikuwa nawachapa siku hizi nawaangalia tu. Alafu korosho zikianza kuanguka mwezi wa 9, wa 10, mahudhurio yanashuka vibaya, na mtihani wa taifa ni mwezi wa 11, kwahiyo muda wa kurudia mada ndo huo huo wako mashambani wanaokota.

Na msingi kweli hawana, hapo sikudanganya. Mtoto wa kidato cha tatu namuuliza theluthi moja jumlisha robo, anakujibu mbili juu ya saba. Maswali ya maelezo ndo balaa kabisa, toka darasa la kwanza hadi la saba kasoma kwa Kiswahili, huku kila kitu Kiingereza, anasoma swali akikutana na neno "each" analiruka. Siku moja nilichoka nikalisema swali lile lile kwa Kiswahili, nusu ya darasa wakapata. Ila mtihani hautatafsiriwa, na mi natakiwa nifundishe kwa Kiingereza, na Kiingereza changu chenyewe sio kivile.

Sasa mkuu kaja na mpango. Hawa wa kidato cha tatu mwakani ndo wa nne, kwahiyo nichague 25 wenye uwezo, wapewe chumba chao, niwafundishe asubuhi kabla ya mstarini na jioni baada ya vipindi. Waliobaki 73 kiranja awaandikie notsi ubaoni wanakili. Akasema hao hata ukikesha nao ni F tu, hao 25 ndo wanaobeba shule. Mwalimu wa taaluma kaunga mkono. Nikwambie ukweli mama, moyoni kuna sehemu ilifurahi. Nimechoka. Darasa la watoto 25! Usiku huo huo nikaanza kuandika orodha.

Kuna binti mmoja nilipofika kwenye jina lake kalamu ikasimama. Mwaka jana akiwa kidato cha pili alikuwa anakaa mbele, anauliza mpaka anakera. Siku moja nimetoka kusahihisha majaribio, yeye kapata 4 kwa mia, akanyoosha mkono kuuliza kitu nilichokijibu mara tatu, nikamwambia mbele ya darasa zima "wewe hata ukihamia mezani kwangu ni ziro tu". Darasa likacheka. Kesho yake akahamia nyuma, alafu taratibu akawa haingii kipindi changu kabisa, vya wenzangu anaingia. Kidato cha tatu kafika kwa kubebwa na masomo mengine. Sikujali, nilikuwa na watoto wengine 97.

Sasa Alhamisi iliyopita gulioni nikamkuta anauza karanga na mihogo ya mama yake, wateja wamemzunguka, mmoja kachukua vikombe 3 vya karanga vya mia tano na vipande 7 vya muhogo vya mia mbili, katoa elfu 10, mwingine huku anadai chenji yake. Binti kahesabu 7,100 kampa, hajashika kalamu wala simu, mi nilikuwa bado napiga hesabu kichwani yeye keshamaliza. Aliponiona akainamisha macho. Kwenye orodha yangu hayumo na hawezi kuwemo, wastani wake wa hesabu ni 9.

Jambo lingine, kuna shule binafsi mjini imenipa nafasi, mshahara karibu mara moja na nusu ya huu, na nyumba juu. Mke wangu yuko kwao Masasi na mtoto wetu wa miezi 8, ananiambia unang'ang'ania nini huko, hao watoto umewazaa wewe? Jibu wanalitaka mwisho wa mwezi ujao. Na mi najiambia nikienda kule ndo ntajua mimi ni mwalimu au sio mwalimu, maana nikifaulisha kule basi tatizo lilikuwa wanafunzi.

Nifuate mpango wa mkuu? Nikatae nigombane nae? Niondoke? Na huyu binti nimfanyeje? Usinipambe mama, niambie tu.

Mwalimu wa hesabu, Lindi

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikaisoma kwa sauti jikoni. Nimefundisha sekondari miaka 31 kabla sijastaafu, na barua ya kujieleza kama hiyo yako nimewahi kuandika mbili, zote nikawajaza watoto kama ulivyowajaza wewe. Kwahiyo nakujibu kama mtu aliyekaa kiti hicho hicho, na kuna mengine hapa nakwambia wewe leo kwasababu mimi nilichelewa kuambiwa.

Nikikuelewa vizuri una mambo manne yamesukwa ukili mmoja. Mpango wa 25, ugomvi unaouogopa na mkuu wako, ile kazi ya mjini, na binti wa gulioni. Chini ya yote kuna hilo swali lako la ni wao au ni mimi. Nianze na hilo maana nahisi ndo linakunyima usingizi kuliko hayo mengine.

Unakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yale yaliyotangazwa Februari 2013? Wewe ulikuwa bado mwanafunzi. Zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipata ziro. Wiki zile kila mtu alikuwa anatafuta mchawi, walimu wakasema watoto, wazazi wakasema walimu, wengine wakasema simu, wengine shule za kata, Waziri Mkuu akaunda tume, mwisho matokeo yale yakafutwa yakapangwa upya. Mimi darasani kwangu niliona kitu kimoja tu, wakati wote huo tukiwa tunagombania nani alaumiwe, mtoto niliyekuwa nae Jumatatu alikuwa hajui sehemu, na Ijumaa alikuwa bado hajui. Swali la nani alaumiwe lilitufanya tuwe bize sana na halikumfundisha mtu.

Sasa angalia ulichoandika mwenyewe, sijui kama ulikiona. Siku ile ulipolisema swali kwa Kiswahili nusu ya darasa ikapata. Watoto wale wale, njaa ile ile, mwalimu yule yule, swali lile lile. Kilichobadilika ni njia ya swali kumfikia mtoto tu. Kwahiyo nikikuuliza wale waliopata siku ile tuwaite wana uwezo au hawana, utanijibu nini? Ndo maana nakuomba uliangalie tena kwa makini hilo neno "wenye uwezo" ambalo mkuu kalitumia na wewe ukalipokea. Orodha yako ya 25 umeipata wapi? Bila shaka kwenye alama za mitihani ya Kiingereza, ya watoto ambao wengine hawajala na wengine hawakuwepo msimu wa korosho. Inawezekana kabisa umeorodhesha wanaokaa karibu na shule na wanaoelewa Kiingereza, ukadhani umeorodhesha wanaojua hesabu. Sisemi ndivyo ilivyo, ila jiulize.

Vitu anavyokuja navyo mtoto ni vya kweli, hukuvitunga. Kilomita 9, geto, tumbo tupu, kubadilishiwa lugha akiingia kidato cha kwanza, na tangu ada ifutwe 2016 watoto wamejaa madarasani, jambo jema sana lile, lakini walimu wa hesabu hawakuongezeka kwa kasi ile. Na hesabu sio aibu ya shule yako peke yako, kwa miaka mingi karibu watahiniwa wanne kati ya watano nchi hii wamekuwa wakilifeli somo hilo kidato cha nne. Hayo ulikuwa na haki ya kuyaandika. Ila na mwalimu nae anakuja na vyake, uchovu wa vipindi 36, Kiingereza unachokiri hakikutoshi, fimbo ya zamani, ukimya wa sasa, na ulimi. Alama inazaliwa pale hivi viwili vinapokutana, ndo maana mi sijui hata nikitaka nawezaje kukugawia asilimia zako na zao.

Lakini pia sitaki uchukue ule ukurasa mmoja na nusu wote ukajihamishia wewe. Hapa hapa Tanzania kulifanyika utafiti mkubwa shule za msingi 350, 2013 na 2014, shirika la Twaweza ndo walikuwa wanauendesha. Shule nyingine zilipewa pesa ya vifaa tu, nyingine walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu, nyingine zikapewa vyote viwili, na nyingine hazikupewa kitu ili walinganishe. Zile za pesa peke yake watoto hawakusogea. Za bonasi peke yake matokeo yakawa ya kuchanganya, huku yanaonekana huku hayaonekani. Zilizopata vyote viwili ndo watoto wakajifunza zaidi kweli kweli. Huwa naukumbuka kila nikisikia mwalimu kapewa barua ya kujieleza, maana barua ile ni msukumo, na msukumo bila vitabu, bila mwalimu wa pili na bila uji wa mchana unakuchosha tu. Wewe umesukumwa sana mwanangu, ulichopewa mkononi ni kidogo.

Tuje kwenye mpango wenyewe. Labda utashangaa, mi sisemi kuwagawa watoto ni dhambi. Kule magharibi mwa Kenya walifanya jaribio shule za msingi 121, zote zikaongezewa mwalimu wa mkataba darasa la kwanza likagawanywa mara mbili. Nusu ya shule waligawa kwa bahati nasibu, nusu wakagawa kwa alama, wa juu huku wa chini huku. Baada ya mwaka na nusu shule zilizogawa kwa alama zilikuwa mbele, na wa chini nao walikuwa wamepanda, sio wa juu peke yao. Ukimsomea mkuu kipande hicho tu atakwambia si unaona. Lakini wale wa chini walikuwa na mwalimu wao amesimama mbele yao, anaanzia pale walipo. Hawakupewa kiranja na chaki. Mkuu wako kachukua nusu ya wazo, ile nusu inayoumiza.

Na kuna hesabu nyingine mwalimu wa hesabu nadhani utaielewa haraka kuliko mimi. D inaanzia 30. Ukiwachukua 25 wa juu, wengi wao pengine wako kwenye 30 na kitu tayari, utahangaika mwaka mzima kumtoa mmoja kwenye D kumpeleka C, vizuri sana kwake, ila idadi ya waliofaulu haitabadilika. Wako watoto wamekaa kwenye 18, kwenye 24, hao wakijua sehemu, namba hasi, seti na takwimu, mambo ya kidato cha kwanza na cha pili, wanavuka. Mkuu wako anataka ufaulu upande, haya, hiyo ni lugha yake, mpelekee kwa lugha yake. Hatari yake nayo naijua, unaweza kuwakimbilia hao wa 24 ukamsahau yule wa 9, yaani orodha imebadilika majina na kuna mtu bado kaachwa. Sina dawa ya hilo kwa mwalimu mmoja na watoto 98. Nakwambia tu ili usije ukadhani umepata njia isiyo na gharama.

Ningekuwa karibu na wewe ningekuomba kabla hujajibu lolote uwape wote 98 maswali kumi. Ya darasa la tano mpaka kidato cha kwanza, kwa Kiswahili, bila kuandika jina kama wataogopa, bila alama ya kutangaza. Sahihisha uone nani hajui sehemu, nani anajua ila Kiingereza ndo kimemfunga, nani hajui hata kutoa kwa kukopa. Nahisi utapata makundi matatu ambayo hayafanani na 25 kwa 73. Ukishakuwa na karatasi hiyo mkononi ndo umwendee mkuu. Inawezekana ile saa ya asubuhi ikawa ya kundi hili Jumatatu na Jumatano, la pili Jumanne na Alhamisi, hao 25 ukabaki nao jioni. Inawezekana wale wazuri wako wanane au kumi wakawa wanawaelekeza wenzao kwa Kiswahili, wewe ukapita, na hao nao watakielewa zaidi kitu wanachokielekeza. Inawezekana kila mada ukaanza na maneno kumi ya Kiingereza yanayojirudia kwenye mitihani, hilo "each" likiwa la kwanza, mkaliandika ukutani kwa makaa kama karatasi hamna. Na kile kipindi cha saa 7 kakiombe kwa mtaaluma mbadilishane hata na wa michezo, hilo linaweza kufanyika wiki hii hii. Chakula ni kazi ya kijiji sio yako peke yako, ila najua kitu kimoja kuhusu kuomba mchango kwa mkulima wa korosho, usiombe mwezi wa 3, omba pesa ya korosho inapoingia, na aombe mwenyekiti wa kijiji.

Kwa mkuu nenda taratibu. Yule mtu alisimamishwa mbele za watu akaaibika, alichokufanyia wewe ndo hicho alichofanyiwa yeye. Na wewe ukamfanyia mtoto wa watu. Sikusimangi, nataka tu uone aibu ilivyopita toka wilayani mpaka dawati la mbele. Unaweza kumkumbusha kwa upole kwamba Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule 10 bora kuanzia matokeo ya 2022, kwahiyo hata huko juu wameanza kuona kupanga watu kwa foleni hakuelezi kila kitu. Asikuone umekuja kukataa, akuone umekuja na karatasi. Hatari ipo, anaweza akakuita mbishi, anaweza akakwambia fanya nilivyokwambia, na wewe ni mdogo kwake. Hapo utaamua mwenyewe unaweza kubeba kiasi gani, mi siwezi kukuamulia ubishane na bosi wako nikiwa nimekaa kwangu nakunywa chai.

Kazi ya mjini. Umesema kule ndo utajua wewe ni mwalimu au la. Mwanangu, hicho kipimo kitakudanganya. Shule nyingi za binafsi mtoto anafanya mtihani wa kuingia, akiwa dhaifu anaambiwa akatafute kwingine. Utakuta watoto waliokwisha kuchujwa, wanakula, wanalala bweni, wamezoea Kiingereza toka chekechea. Wakifaulu utajuaje ni wewe? Wakishuka kidogo utajuaje sio wewe? Lile swali lako utalikuta limekutangulia kwenye nyumba uliyopewa.

Ila ukiniambia unaenda kwasababu mtoto wa miezi 8 anakua hakujui na mkeo amechoka kulala peke yake, hiyo ni sababu nzito, naiheshimu, na wala huhitaji kuifunika na habari za kujipima. Ukiondoka kwa hilo hakuna mtu mwenye akili atakusema umekimbia. Tazama tu na upande wa pili, ajira ya serikali ukiiacha kurudi ni kazi, na mkataba usome vizuri, uliza darasa likishuka wanakufanya nini, uliza likizo, uliza mfuko wa jamii. Na kuna njia hukuitaja kabisa, kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza, Masasi sio mbali hivyo, au kutafuta mwalimu wa hesabu wa huko anayetaka kuja Lindi mbadilishane ili hao watoto wasibaki bila mtu. Inachukua muda, na saa nyingine inakwama. Kaa na mkeo muongee hili kama watu wawili, maana kwenye barua yako yeye kaongea sentensi moja tu, naamini ana nyingine.

Nimemuacha binti mwisho kwasababu ndo aliyekusimamisha kalamu.

Zamani Marekani, shule moja ya msingi California, watafiti wawili Rosenthal na Jacobson waliwaambia walimu kwamba watoto fulani mwaka huu watachanua. Majina waliyaokota tu kwa bahati nasibu. Mwisho wa mwaka watoto hao, hasa wa madarasa ya chini, walikuwa wamepanda kuliko wenzao. Kitabu kilitoka 1968 na wataalamu wamekibishania mpaka leo ukubwa wa jambo lenyewe, ila mwalimu yeyote aliyekaa darasani anajua mtoto anasoma uso wako kabla hajasoma ubao. Wewe binti yule ulimwambia yeye ni nani, akakuamini. Kwa kipindi chako tu, maana vya wengine anaingia, na hapo ndo ningeweka tumaini, mtoto aliyeacha shule na mtoto aliyekuacha wewe ni watu wawili tofauti.

Usimwendee gulioni na usimwite peke yake ofisini. Wewe ni mwanaume kijana na yeye ni binti, kijiji kina macho, utamletea mengine. Mwone kwanza mwalimu wa malezi, wa kike kama yupo, mweleze ulichosema siku ile kwa maneno yale yale usiyapunguze. Alafu ulimtukana mbele ya darasa, kwahiyo pengine neno la kumrudishia nalo lisemwe mbele ya darasa, fupi, bila hotuba, mwaka jana nilimwambia mwenzenu hivi na nilikosea. Ila yeye aulizwe kwanza na mwalimu wa malezi kama anataka hivyo, kuna mtoto atajisikia kavuliwa nguo mara ya pili. Inawezekana asirudi hata baada ya hapo. Usiombe msamaha kwa masharti kwamba lazima afaulu. Na akirudi usimgeuze mfano wa kila kipindi, mpe swali la karanga, vikombe 3 na vipande 7, aandike kile alichokifanya kichwani. Asilimia, faida na hasara, milinganyo, nusu yake anayo tayari kwenye sinia la mama yake, kazi yako ni kumuonyesha jinsi inavyoandikwa.

Hujaniuliza kuhusu fimbo ila uliitaja. Kanuni zinasema viboko visizidi vinne, na anachapa mkuu wa shule au aliyekasimiwa nae kwa maandishi, na vinaandikwa kitabuni. Mtoto anayelala saa 7 kwa njaa hayumo humo. Umeacha, nimefurahi. Sasa huo ukimya wa kuwaangalia tu ndo unaonitisha zaidi, maana huo ni uchovu wako unaongea, na mwalimu aliyechoka hivyo hata akiwa na watoto 25 anachoka nao. Una mtu wa kuongea nae hapo kituoni? Mwalimu wa hesabu wa kata ya jirani je? Hata mara moja kwa mwezi, mkasahihisha pamoja mkacheka kidogo.

Nina ombi moja. Ile barua yako ya kujieleza iandike upya, ukurasa huo huo mmoja na nusu. Usimpelekee mkuu, nitumie mimi. Safari hii weka kilomita 9 na weka vipindi 36, weka vitabu 9, weka neno "each", na weka siku ile ya kidato cha pili. Ukishaituma lala, hata kama ni saa 6 usiku. Maswali yale kumi ukiyafanya niambie binti alipata mangapi, kama atakubali kuyafanya, na mtoto wa miezi 8 mbusu kwa niaba yangu ukifika Masasi.